Hofu ya Deni Isimzuie Mwenye Kuokoa

Ulevi wa vijana ni jambo kongwe, na nasaha za kuukataza ni nyingi kuliko wanaozisikiliza. Lakini katika vyuo vya Marekani, ambako maelfu ya vijana wa Kenya, Tanzania na nchi jirani huenda kutafuta elimu, ulevi huo umeambatana na msiba wa pili usiotoka katika chupa bali katika hesabu za watu wazima, nao ni gharama ya matibabu ya dharura. Nia yangu si kuutetea ulevi, maana hauna utetezi, bali kusema waziwazi kwamba jamii inayomtwisha mtu deni kubwa kwa sababu ya kuokolewa humfanya mwenzake asite kumwokoa, na kwamba kusita huko ndiko kunakoua.

Ulevi ninaoukusudia ni ule wa pupa, unaofanywa kwa mashindano na shangwe usiku wa mwisho wa juma. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza madhara ya kileo huhesabu kwamba mwanamume aliyekunywa vinywaji vitano, au mwanamke aliyekunywa vinne, katika muda wa saa mbili hivi, amekwisha kuuvuka mpaka wa hatari. Na taasisi hiyo hiyo hukadiria kwamba kila mwaka wanafunzi wa vyuo wapatao 1,500, wa umri wa miaka 18 hadi 24, hufa kwa ajali na madhara mengine yaliyosababishwa na kileo, ajali za magari zikiwa miongoni mwake.

Kileo kina tabia moja ambayo kila kijana alistahili kuijua kabla ya kuijua ladha yake, nayo ni kwamba kazi yake haishi pale bilauri inapowekwa chini. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja tu kwa saa, ilhali kilichobaki tumboni huendelea kuingia damuni, hata mtu aliyekwisha kulala akazidi kulewa usingizini. Pumzi hupungua, mwili hupoa, na matapishi ambayo mwenye fahamu angeyakohoa humwingia mapafuni asiweze kujitetea. Kahawa haimponyi, maji baridi hayamzindui, wala hapana dawa ya kukifuta kileo katika damu; lililopo ni kumlaza kwa ubavu, kutomwacha peke yake hata kidogo, na kuwaita wenye ujuzi wa kuilinda pumzi yake mpaka mwili wake ujitakase. Kwa hiyo lile shauri linalotolewa mabwenini kwa nia njema, kwamba mwenzetu aachwe alale na kukicha atakuwa mzima, ndilo shauri la hatari kuliko yote.

Mnamo Februari 2017, mwanafunzi wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Penn State, aliyeshurutishwa kunywa kwa wingi katika sherehe ya kuwapokea wanachama wapya wa chama cha wanafunzi, alianguka ngazini akaumia vibaya, na wenzake waliomwona katika hali ile walikaa karibu saa 12 kabla ya kuita msaada, akafariki. Sisemi kwamba gharama ndiyo iliyowafunga mikono usiku ule, maana walikuwa na mengi ya kuyaficha. Nasema kwamba kisa kile kiliudhihirishia ulimwengu jinsi hofu, iwe ya nini, inavyoweza kuwashinda vijana wengi waliokusanyika nyumba moja. Mwaka uliofuata Jimbo la Pennsylvania likatunga sheria iliyopewa jina la marehemu, na ndani yake ikawekwa kinga kwa mwenye kuita msaada.

Kinga ya namna hiyo si ngeni. Kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 iliyashurutisha majimbo kuufanya umri wa miaka 21 kuwa ndio umri halali wa kununua kileo, wanafunzi wengi wanaokunywa huwa wanavunja sheria, na zamani aliyeita gari la wagonjwa alijua kwamba huenda polisi wakafuatana nalo. Chuo Kikuu cha Cornell kiliweka msamaha mwaka 2002, kwamba mgonjwa wa kileo na aliyemwitia msaada hawataadhibiwa. Simu za dharura zikaongezeka pasipo dalili ya ulevi wenyewe kuongezeka, na waliopata ushauri baada ya kupona wakazidi maradufu. Majimbo mengi yamefuata njia hiyo, nami naisifu kwa moyo mkunjufu.

Walakini msamaha ule uliondoa hofu ya adhabu ukaiacha hofu ya deni mahali pake. Sheria ya mwaka 1986 huzilazimisha hospitali kumchunguza na kumtuliza kila mgonjwa wa dharura bila ya kuuliza uwezo wake wa kulipa, nayo ni sheria ya insafu, lakini haikukataza adaiwe baadaye. Gari la wagonjwa peke yake laweza kumgharimu mtu zaidi ya dola 1,000, na usiku mmoja hospitalini maelfu kadhaa. Hata mwenye bima aghalabu hulazimika kulipa sehemu ya mwanzo kwa fedha zake mwenyewe. Na kwa kuwa kijana huruhusiwa kubaki katika bima ya wazazi wake mpaka atimize miaka 26, taarifa ya matibabu mara nyingi hufika kwa mzazi mwenye bima, fedheha ikatangulia deni. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, ya kuwakinga wagonjwa na ankara wasizozitazamia, ilizikumbuka hata ndege za wagonjwa, ikayasahau magari ya barabarani, ambayo ndiyo yafikayo bwenini.

Wako watakaosema kwamba mlevi alijitakia, basi na alipe apate adabu. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini humwadhibu asiyehusika. Mlevi hafanyi hesabu za hospitali wakati anapokunywa, na anapozidiwa hawezi kuhesabu chochote. Mwenye kufanya hesabu ni rafiki yake, akiwa na simu mkononi, anayejiuliza kama ana idhini ya kumwingiza mwenzake katika deni la miaka. Ni sawa na kumtoza nauli ya mashua mtu anayezama, kisha kushangaa kwa nini wenye makasia wanashauriana.

Marekani yenyewe ilikwisha kuijaribu adhabu hiyo ikayaona matokeo yake. Mwaka 1947 wasimamizi wa bima wa majimbo walitoa mfano wa sheria iliyoziruhusu kampuni za bima kukataa kulipia majeraha ya mtu aliyelewa, na majimbo mengi yakaifuata. Baadhi ya madaktari wa majeruhi, wakiogopa kwamba hospitali haitalipwa, wakaacha kupima kileo katika damu ya wagonjwa, na hivyo mlevi akatoka hospitalini bila ya kuambiwa neno juu ya maradhi yaliyomleta. Mwaka 2001 wasimamizi hao wakaukana mfano wao wenyewe.

Rai yangu ni hii. Vyuo vinavyotoza ada kubwa, tena vinavyojua fika yanayotendeka usiku wa sherehe, vitenge mfuko wa pamoja, kila mwanafunzi akichangia kidogo katika ada, ulipie sehemu ya gari na ya chumba cha dharura inayombakia mgonjwa wa kileo. Naye alipe kwa kuhudhuria ushauri mpaka umalizike, maana hayo ndiyo malipo yenye faida kwake. Magari ya wagonjwa ya barabarani nayo yaingizwe katika kinga ya sheria.

Nasi huku tusijione tumesalimika. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni tamko tukufu, lakini haki hiyo haitatimia mpaka ijulikane nani atailipia, ili ndugu asisimame mlangoni akihesabu fedha. Na mzazi anayemsafirisha mwanawe, pamoja na kumwusia juu ya masomo na ibada, amwambie bila ya haya: mwanangu, sikutumi ukanywe, lakini ukimwona mwenzako hazinduki, piga simu ya dharura, 911, kwanza, nawe ukizidiwa uitiwe, fedha tutazitafuta sisi wazee wako. Makosa ya mlevi na yahukumiwe, lakini yahukumiwe yeye akiwa hai wa kuyajibu.