Tubadilishiwe Unga, Si Barakoa Tu

Ndugu wafanyakazi,

Wengine mtauliza, mtu wa reli ana habari gani na rangi ya unga? Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye tulikua pamoja pale Usenge, ni mpiga rangi katika karakana moja ya Kisumu. Hupaka fremu za madirisha, milango na makabati ya chuma. Sikukuu iliyopita alikuja nyumbani, mikono ina vipele mpaka viwikoni na macho ni mekundu. Mama mdogo alidhani ni maji ya ziwa. Lakini maji hayo ameyaoga tangu utotoni!

Rangi hii husifiwa kwa kuwa haina thina, na ni kweli. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bastola ya umeme ukashika chuma, kisha chuma huingia katika tanuri lenye moto wa digrii 200 hivi, unga ukayeyuka na kuganda. Taabu imo katika dawa ya kuugandisha. Katika unga wa vitu vya kukaa nje juani, dawa iliyozoeleka ni TGIC, kama sehemu 7 katika kila 100 za gundi yake. Hiyo huwasha ngozi na kubana kifua, na mwili ukishaikataa, hata vumbi kidogo huamsha ugonjwa tena. Katika panya imeonekana kuharibu mbegu za uzazi. Mwaka 1998 Jumuiya ya Ulaya iliamuru unga wenye TGIC uandikwe alama ya sumu, na wengi kule wakahamia dawa nyingine, HAA.

Hapa kwetu jibu la tajiri ni barakoa. Ndugu yangu alipewa moja akaambiwa aitunze. Kwa joto la tanuri nani ataivaa saa nane? Jioni hujipuliza vumbi kwa mpira wa hewa, basi lile lililokuwa katika nguo huingia puani.

Sitaficha kwamba kubadili kuna kazi yake. HAA hutoa mvuke wakati wa kuoka, na rangi ikipakwa nene hutoka vitundu vidogo. Yataka fundi mwenye mkono mzuri. Lakini nyingine huiva kwa digrii 160 tu, nayo ni akiba ya moto. Na makabati ya ndani ya nyumba hayahitaji TGIC hata chembe. Unga uliochanganywa epoksi na poliesta unatosha. Tuangalie pia rangi ya manjano na nyekundu, maana nyingine zina madini ya risasi. Badala yake zipo za bismuthi na za kutu ya chuma. Baadhi zina bei zaidi, lakini bei ya dawa za vipele anailipa nani sasa?

Jambo hili si geni kwa watu wa reli. Mkataba uliofanywa Geneva mwaka 1921 ulikataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, isipokuwa palipoonekana lazima katika stesheni za reli na viwanda. Niliposoma hapo nilicheka kwa uchungu. Lakini hata ruhusa hiyo haikutolewa bure: ilitakiwa kwanza vyama vya matajiri na vya wafanyakazi viulizwe.

Basi na tuulizwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi, na muuzaji wa kemikali atoe karatasi ya maelezo yake. Wajumbe, iombeni karatasi hiyo, mtafute herufi TGIC na neno risasi. Mkiziona, msirudi na ombi la glavu. Andikeni katika mapatano yajayo kwamba unga ubadilishwe, na tarehe itajwe.

Ndugu yangu alirudi kazini Jumatatu. Glavu alinunua mwenyewe.

Mfanyakazi wa Reli,
Usenge