Mzazi Si Mgeni Wodini

Mtoto njiti akilazwa chumba cha mahututi, mama hubaki mikono mitupu. Wengine humwambia, "Usimzoee sana." Hiyo si faraja. Mtoto huyo anamhitaji mama kuliko wakati wowote.

Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, mashine za kuwapa watoto joto zilikuwa chache. Ndipo njiti walipoanza kubebwa vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wa chini ya kilo 1.8 wakibebwa hivyo mara wazaliwapo, bila kungoja hali itulie, vifo hupungua kwa robo.

Basi naona ni kosa kumwacha mama achungulie dirishani. Kitanda chake kiwe kando ya mtoto, anawe mikono, ambebe, amkamulie maziwa. Akichoka, baba naye ana kifua.

Nasi wanajumuiya tupeleke uji, tuchangie nauli, tuwalee watoto waliobaki nyumbani. Mama hawezi kubeba mtoto kifuani huku moyo uko jikoni.