Kadi za Chakula Zipewe Chipu

Nchini Marekani, mama anaweza kujaza kikapu dukani, akafika kwa keshia na kukuta kadi yake ya msaada wa chakula, EBT, haina kitu. Wezi walibandika kinasa juu ya mashine ya malipo, wakanakili taarifa za kadi na namba ya siri, kisha wakasubiri fedha za mwezi ziingie. Mara nyingi huzikomba usiku huohuo.

Wizi huu unawezekana kwa sababu majimbo mengi yamebaki na kadi za utepe wa sumaku, miaka mingi baada ya benki kuhamia kwenye chipu. California ilianza kutoa kadi zenye chipu mwaka 2025. Hatuoni sababu ya majimbo mengine kujivuta. Kinachouma zaidi, sheria inayomlinda mwenye kadi ya benki haimlindi maskini mwenye kadi ya EBT. Bunge la Marekani liliwahi kuruhusu fedha za serikali kuu kuwafidia walioibiwa, lakini ruhusa hiyo ilikoma Desemba 20, 2024. Watoto wale nini mwezi mzima?

Bunge lirejeshe fidia hiyo. Wakati huohuo wenye kadi, wakiwamo ndugu zetu waliohamia huko, wabadili namba ya siri kabla ya siku ya malipo, waepuke 1234, na waifunge kadi kwa programu ya simu pale jimbo linapotoa huduma hiyo. Anayepiga simu kuomba namba ya siri asipewe, hata akijiita ofisa wa serikali.