Chokoleti Yenye Hewa Ndani Yake

Mtu avunjapo kipande cha chokoleti kiitwacho Aero huona ndani yake vitundu vingi vidogo, mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo havina kitu ila hewa. Mnunuzi aweza kujiuliza: je, fedha zake zimenunua upepo?

Chokoleti hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1935 na kampuni ya Rowntree ya mji wa York, Uingereza. Kampuni hiyo ilikuwa ya siku nyingi, kwa maana Henry Isaac Rowntree alinunua biashara ya kakao mjini humo mwaka wa 1862. Lakini katika chokoleti ya maziwa iliachwa nyuma na kampuni ya Cadbury, ambayo chokoleti yake, Dairy Milk, ilikuwa sokoni tangu mwaka wa 1905. Kumwiga mshindani hakukufaa. Ilibidi kutafuta kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Chokoleti iliyoyeyushwa huchanganywa na hewa kwa nguvu ya mgandamizo, kisha humiminwa katika kalibu. Mgandamizo ukipunguzwa, viputo vya hewa hutanuka, kama povu la soda lifurikavyo chupa ifunguliwapo. Chokoleti hupozwa ikaganda, na viputo vikabaki vimefungiwa ndani. Kwa sababu ya vitundu hivyo huyeyuka upesi kinywani, na wepesi huo ndio uliowavuta wanunuzi.

Basi, je, huo ni udanganyifu? Sivyo, maadamu uzito umeandikwa juu ya karatasi yake. Mkulima apelekaye mahindi sokoni ajua ya kwamba gunia lililotuna si lazima liwe zito. Mwenye busara hulitia katika mizani kwanza. Kadhalika kipande chenye vitundu huwa chepesi kuliko kisicho na vitundu, hata vikilingana kwa ukubwa. Atazamaye kwa macho peke yake hupunjika. Asomaye uzito hujua anunuacho.

Mwaka wa 1988 kampuni ya Rowntree ilinunuliwa na Nestlé ya Uswisi, lakini chokoleti yenye vitundu haikukoma. Debe tupu, wasema wahenga, haliachi kuvuma. Hata hivyo, utupu uliotiwa kwa maarifa, ukauzwa kwa mizani ya haki, waweza kumpa mtu riziki.