Sigara ya Jumatatu ya Pasaka

UPANDE WA ZIWA
Na Mwombeki Kashaija

Katika parokia zetu za Bukoba na Muleba kuna wanaume ambao huacha sigara kila mwaka. Huiacha Jumatano ya Majivu, na Pasaka inawakuta hawajaigusa. Baadhi yao ni wavutaji waliokubuhu, watu ambao siku za kawaida hawamalizi kikombe cha chai bila kutoka nje. Halafu inafika Jumatatu ya Pasaka, mbuzi yuko mezani, bia zimefunguliwa, mtu mmoja anatoa pakiti na kuizungusha. Nadhiri inaishia hapo. Kwa miaka mingi nami nilikuwa kwenye meza hiyo. Waislamu wa mjini wana mtihani wao wa namna hiyo hiyo: mwezi mzima wa Ramadhani hakuna moshi kuanzia alfajiri hadi magharibi, na wapo ambao wakishameza tende, kinachofuata si uji bali kiberiti.

Jambo hili linastahili kufikiriwa kuliko tunavyolicheka. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya kuvuta, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ndiyo maana mvutaji huanza kuhangaika kikao kikirefuka. Akiacha kabisa, arosto humshika vibaya siku mbili tatu za mwanzo: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma, njaa isiyoisha. Baada ya hapo hupungua, na kwa walio wengi wiki ya tatu au ya nne imeshalegea sana. Sasa piga hesabu. Kwaresima ni siku 40, na ukijumlisha Jumapili zake unapata 46. Mtu aliyefunga Kwaresima nzima bila sigara amekwisha kuvuka sehemu ngumu. Mwili wake umeacha kudai. Basi Jumatatu ya Pasaka anayedai ni nani?

Nasema ni sisi wenzake.

Nenda kioski chochote Kashai, Hamugembe, Rwamishenye, au pale stendi ya Muleba, uangalie ni nani ananunua pakiti. Pakiti ni ya mwenye mshahara, au ya siku ya harusi. Wengine wote wananunua moja moja kwa sarafu, na kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa kamba ili asiye nacho awashie hapo hapo. Ukishawasha huondoki. Utamkuta bodaboda anayesubiri abiria, fundi aliyeishiwa misumari, mwalimu mstaafu mwenye maoni juu ya bei ya kahawa na juu ya beki wa Yanga. Sigara moja inatosha mazungumzo kamili. Ikiisha kabla ya hoja, mwenzako anakuachia nusu ya yake. Mtu akiniambia kwamba kuacha sigara ni suala lake binafsi na mapafu yake, namuuliza: na hiki kijiwe unakipeleka wapi?

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kumkaribisha mtu. Mgeni alipewa amwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, zikiwa zimepakwa damu. Tumbaku nayo ilikuwapo, na bibi zetu hawakuachwa nyuma; bibi yangu mzaa mama alivuta kiko hadi uzeeni, na hakuna mjukuu aliyethubutu kumwambia neno. Ila kiko kilikaa nyumbani. Kilihitaji kujazwa, kuchokonolewa, kuwashwa upya, na mtu mwenye kazi shambani hakuwa na nafasi hiyo kila saa. Sigara ya kiwandani, iliyokuja kwa wingi kutoka kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1961, ilikaa mfukoni ikaenda kila mahali: msibani, kwenye rubisi, kwenye meli ya Mwanza, kwenye foleni ya mnada. Ikachukua nafasi ya amwani mkononi mwa mwenyeji. Kumnyima mtu sigara ukiwa nayo kukawa utovu wa adabu, na kuikataa ukipewa kukawa karibu na dharau.

Mimi niliacha kwa msaada wa mwanamke anayeuza sigara.

Daktari alishaniambia, nikamjibu nimesikia. Mke wangu alishasema hadi akachoka, akabaki kufungua madirisha. Siku moja, katika mazungumzo tu, nikamwomba jirani yangu mwenye kioski asiniuzie tena. Alicheka. Kisha, kwa sababu nisizozijua, akalichukulia suala lile kama kazi aliyoajiriwa. Asubuhi iliyofuata nilipofika na sarafu zangu alipaza sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara: “Tata, si ulisema umeacha?” Watu wakageuka. Nikajifanya nimefuata vocha ya simu. Nikatembea hadi kioski cha mbali kidogo, na huko nikakuta habari imeshatangulia, kwa maana bodaboda wana kasi kuliko mimi. Yule mama aliniwekea vifurushi vya kahawa ya kutafuna, ile ya kufungwa kwenye majani makavu ya mgomba, na kila kimoja akanilipisha. Nilizitafuna kwa hasira. Zile siku za mwanzo nilikuwa mtu mbaya, nilikuwa nagombana hata na redio. Lakini kila nilipopita pale kuna mtu aliyeuliza “bado?” na nikaona aibu kumjibu vingine. Hatukupanga mkakati wowote. Ilikuwa aibu tupu, na sisi Wahaya tunaosifika kwa kujisifu tunaiogopa aibu kuliko saratani.

Haya si mageni mkoani hapa. Uamsho wa Kilokole ulipoingia Buhaya kutoka Rwanda na Uganda, kwenye miaka ya 1930 na 1940, waliookoka waliacha pombe na tumbaku kwa mkupuo, watu wazima, wengine wazee. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri hapa Bukoba mwaka 1964 na baadaye rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alitoka katika uamsho huo. Sisi Wakatoliki tuliwacheka Walokole kwa kutubu hadharani na kutaja dhambi zao moja moja mbele ya majirani, maana kwetu mambo hayo huishia kwenye kitubio. Leo naona walitushinda kwa jambo moja: walirudi kukutana kila wiki. Mtu aliyesema mbele ya wenzake kwamba ameacha kiko alijua kwamba wiki ijayo atakaa mbele ya macho yale yale. Nadhiri yangu ya Kwaresima niliijua mimi na padri, na padri hakuwapo kwenye mbuzi wa Jumatatu.

Kuhusu madhara sitasema sana, kwa kuwa hata pakiti yenyewe inasema. Nitamtaja Richard Doll tu. Daktari huyu Mwingereza alikuwa mvutaji, na yeye na mwenzake Bradford Hill walipokuwa wakiwachunguza wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London, matokeo yakamtisha akaacha hata kabla hawajayachapisha mwaka 1950. Baadaye wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa maelfu, na matokeo ya miaka 50 ya kazi hiyo yalipochapishwa mwaka 2004, hesabu ilikuwa hivi: anayeacha akiwa na miaka 30 anaokoa takriban miaka 10 ya maisha, wa 40 anaokoa tisa, wa 50 sita, na wa 60 bado anapata mitatu. Hii ya mwisho ndiyo ninayowasomea wazee wenzangu wanaosema “mimi nimeshachelewa”. Miaka mitatu ni misimu mingi ya senene.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaofanikiwa ni kama wanne. Ukiongeza ushauri na dawa, idadi inazidi maradufu. Bazoka na plasta za nikotini ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2009. Katika maduka ya dawa ninayopita mimi hapa mjini sijaziona, na mfamasia mmoja niliyemuuliza alinitazama kana kwamba nimeomba mvinyo. Tuna sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na mkataba wa kimataifa tuliuridhia 2007. Ukivuka Mutukula utawakuta wenzetu wa Uganda na sheria yao ya 2015 inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21 na kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Sheria zote hizo zinajua kumfukuza mvutaji barazani. Akishafukuzwa, nani anamfuata?

Hapa ndipo naona Kagera inajidharau. Wagonjwa wa kwanza watatu wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu, Hospitali ya Ndolage, mwaka 1983. Tulizika watu hadi tukakosa wa kuchimba makaburi. Lakini kutokana na msiba ule tulijifunza kazi ambayo mikoa mingine ilikuja kuiga: kumfuata mtu nyumbani, kukaa naye, kumuuliza bila kumhukumu, kumrudisha kliniki alipopotea. Dawa za bure zilipoanza kutolewa mwaka 2004 ilionekana wazi kwamba kidonge peke yake hakitoshi bila mtu wa kukumbusha. Katika mradi uliofanyika hapa Manispaa ya Bukoba kati ya 2014 na 2017, watu wanaoishi na VVU ndio waliowasindikiza wenzao waliopimwa karibuni, wakaingia nao kliniki, wakawapigia simu baadaye. Ni ujirani uliopewa daftari na nauli.

Kwa nini mtu huyo huyo, kwenye benchi la kliniki hiyo hiyo ya VVU, asiulize pia habari ya sigara? Sababu zipo za kitabibu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye VVU wanaopata matibabu mazuri, uvutaji unawapunguzia miaka mingi ya maisha kuliko virusi vyenyewe, zaidi ya mara mbili. Tumemwokoa mtu kutoka kwenye kile tulichokiogopa sana, tunamwacha afe kwa kitu kinachouzwa dirishani. Kliniki ya kifua kikuu nayo ni vivyo hivyo; anayevuta yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua TB na ya kufa nayo, na swali “unavuta?” huandikwa kwenye fomu, fomu ikafungwa. Sitaki jengo jipya wala semina ya siku tatu yenye posho. Nataka liongezwe swali la pili: nani hapa mtaani kwako tumwambie kwamba umeacha?

Najua nitaulizwa kuhusu wenye vioski, kwamba nawaombea njaa. Yule mama bado anauza sigara, na kiberiti bado kinaning'inia. Hakupata hasara kwangu, alinigeuza tu mteja wa kahawa.

Palipo pagumu ni visiwani. Nina binamu anayevua dagaa upande wa Bumbire, na kila nikimpelekea nadharia zangu ananisikiliza kwa heshima, kisha ananiuliza kama nimewahi kukaa ziwani saa tisa ya usiku, mvua ikipiga, taa zimewashwa, mnasubiri dagaa wakusanyike na hakuna anayeruhusiwa kulala. Kule sigara ni saa, ni blanketi na ni chakula. Inakopwa dukani kambini na kukatwa kwenye malipo baada ya giza, mbalamwezi inapoingia na mitumbwi kupumzika, kwa hiyo mtu haoni hata shilingi ikitoka mkononi. Na mtumbwini wote wanavuta. Ujirani ninaousifu hapa mjini ndio unaomfunga kule, kwani hana jirani asiyevuta.

Juzi alinipigia simu akaniambia kuna mabadiliko. Tajiri wake amepiga marufuku sigara mtumbwini, mvuvi atakayeonekana na kipisi atashushwa mwaloni asirudi. Nikamwambia huyo tajiri ni mtu wa kusifiwa, amejali mapafu yenu. Akacheka sana. Tajiri amenunua injini mpya, akasema, na madumu ya petroli yanakaa miguuni petu. Usiku kucha sasa hawavuti. Nilimuuliza arosto wanaifanyaje, akasema wiki ya kwanza waligombana hadi wawili wakarushana majini, siku hizi wanaimba. Mchana wakirudi kambini wanafidia.

Nimemwambia aniulizie kwa wenzake ni wangapi wangependa hata mchana wakatazwe. Ameahidi kuuliza.