Droo ya zahanati si mfuko wa daktari

Zahanati binafsi ikifunga mlango Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, maelezo huwa ni yale yale: serikali imejenga kituo jirani, bima imechelewa kulipa, watu hawana hela. Yote yana ukweli ndani yake. Ila kuna sababu nyingine ambayo wenye zahanati hawapendi kuisikia, nayo ndiyo tunayoisema leo. Hela ya kununulia dawa ililiwa, na hakuna aliyeandika ililiwa lini na kwa lipi.

Hatumwiti mtu mwizi. Mwenye zahanati hula hela yake mwenyewe. Asubuhi anachomoa elfu kumi ya mafuta ya pikipiki, mchana anatuma elfu hamsini ya ada ya mtoto, jioni shangazi anapiga simu kuna msiba Heru Juu. Droo ni yake, haombi ruhusa kwa mtu. Kisha siku moja famasi ya jumla inadai mzigo wa mali kauli wa mwezi uliopita, na ndipo inapojulikana kwamba zahanati iliyokuwa na foleni kila siku haina kitu.

La kushangaza ni kwamba huyu huyu ni mtu wa kuandika. Vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za afya, anavijaza kila mwezi na kuvipeleka wilayani. Muulize ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano walikuja na kuhara mwezi uliopita, atakujibu kabla hujakaa. Muulize mwezi huo huo aliuza shilingi ngapi, atakuna kichwa. Uwezo wa kuweka hesabu anao. Anakosa mtu wa kumdai hesabu hiyo.

Biashara ya tiba nchini kwetu ni changa kuliko wengi wanaoifanya. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kutafuta faida, zikabaki hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Ndiyo maana mzee wa Kasulu akikwambia hospitali isiyo ya serikali, anakutajia Kabanga ya Wakatoliki au Heri ya Waadventista upande wa Buhigwe. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1991. Tabibu anasoma miaka mitatu ya stashahada, anatoka anajua kupima, kushona na kuzalisha. Bei ya kumshona mtu anajifunza mwenyewe, na karo yake ni mtaji.

Tupige hesabu ya mfano. Zahanati inaingiza elfu 80 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hiyo ni shilingi 2,080,000, na mtu akiitaja kijiweni wenzake watasema jamaa kapata. Sasa toa: dawa na vitendanishi 900,000, muuguzi 400,000, mtu wa maabara 400,000, pango 120,000, umeme, maji na vocha 80,000. Imebaki 180,000. Hapo mlinzi hatujamgusa, kodi hatujaigusa, ada za vibali vya mwaka hatujazigusa, na daktari mwenyewe hajala. Halafu weka madeni. Kati ya kila shilingi kumi za huduma, moja tu ikiwa ya "nitaleta", ni 208,000 zilizoandikwa hewani. Faida yote imekwenda, na elfu 28 ya mtaji imekwenda nayo.

Madeni ya nyanda hizi yana kalenda yake, na asiyeijua asifungue zahanati huku. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Mbu huzaliana, na malaria hupanda. Kigoma si mkoa wa kuchezea kwa hilo: upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano wana vimelea, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Lakini miezi hiyo hiyo hela ya mkulima iko shambani, imegeuka mbegu na vibarua. Kwa hiyo anakuja mama na mtoto mgongoni: "Daktari, mtoto anachemka tangu jana. Nipimie, hela nitaleta maharage yakitoka." Nani atamfukuza? Sisi tusingemfukuza, na daktari anayemfukuza hatumtetei.

Hoja yetu si kukataa deni, ni kuliandika. Daftari la madeni liwe na jina, kitongoji, simu, kiasi na tarehe, na mgonjwa au ndugu aliyemleta aweke saini au dole gumba. Mkulima wa hapa hadharau deni lililoandikwa mbele yake. Anayesahau ni yule aliyeambiwa "usijali, tutaongea." Anayeleta maharage badala ya hela apokelewe, lakini yapite kwenye mzani na yaandikwe kwa bei ya gulioni siku hiyo. Gunia lililopokelewa kwa makadirio huishia jikoni kwa daktari, na deni hubaki daftarini likiwasubiri wote wawili. Tena viko VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, katika vijiji vingi, na vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Mwenye zahanati akae na viongozi wa vikundi viwili vitatu, wakubaliane kwamba mwanachama atibiwe na mfuko ulipe, kisha kikundi kimdai mtu wao chenyewe. Kikundi kina njia za kudai ambazo daktari hana.

Na mwenye zahanati mwenyewe ajiwekee akiba ya kiangazi. Juni hadi Agosti watu wana hela na homa zimepungua. Wenye zahanati wengi hujenga nyumba miezi hiyo, wakati stoo ya dawa ndiyo ingejazwa.

Kibondo ina mteja wa aina nyingine, na huyo anahitaji tahadhari ya peke yake. Tangu kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kupokea wakimbizi wa Burundi, mji ulijaa wafanyakazi wa mashirika: madereva, wauguzi, wahasibu, walinzi, wote wa mshahara. Kasulu inawajua watu hao tangu kambi ya Nyarugusu ilipoanza mwaka 1996. Walipanga nyumba, walilipa taslimu, hawakuuliza punguzo. Zahanati zilipanuka kwa ajili yao, zikaongeza vyumba na mashine. Lakini mkimbizi anaweza kurudi kwao na mfadhili anaweza kufunga mfuko. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Mwaka 2025 Marekani ikakata misaada yake duniani kote, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Aliyekopa benki kwa kumtegemea mteja wa shirika ajiulize leo, si kesho, rejesho lake litatoka wapi mteja huyo akipakia godoro kwenye fuso na kuhama. Mteja wa kudumu wa wilaya hizi ni mkulima wa maharage, mahindi na mihogo. Ukubwa wa jengo upimwe kwa mfuko wake yeye.

Barabara nayo. Lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu tumeililia miaka mingi na hatuna neno baya juu yake. Dawa zitafika upesi, mjamzito atafika hospitali akiwa mzima. Ila lami hiyo hiyo inampeleka mgonjwa mwenye hela hospitali ya Maweni au ya Bugando bila kupitia kwako. Zahanati haitashindana na hospitali ya rufaa kwa mashine. Itashindana kwa kuwa wazi saa mbili usiku, kwa kuwa na dawa, na kwa kumpima mtu bila kumsimamisha nusu siku.

Tunakuja kwenye jambo lisilosemwa hadharani. Zahanati nyingi ndogo hazitozi ada ya kumwona daktari, au hutoza kidogo kiasi cha kutofaa kitu, kwa sababu mgonjwa wetu halipii maneno. Analipia sindano, dripu na vidonge. Basi daktari anakula kupitia dawa, na dawa isipotoka yeye hali. Matokeo tunayaona: kipimo cha malaria kinasema hamna, mgonjwa anatoka na dawa mseto; mafua ya kawaida yanapewa antibiotiki; kijana aliyechoka na kazi ya shamba analazwa kwa dripu. Hayo ni makosa ya tiba yanayozaliwa na makosa ya bei. Usugu wa dawa utakaokuja hautauliza nani alikuwa na pango la kulipa. Mwenye zahanati abandike ukutani bei ya kumwona daktari, bei ya kila kipimo na bei ya kila huduma, na azisimamie. Mwanzoni wapo watakaovuka barabara kwenda duka la dawa muhimu. Watarudi wale waliopimwa wakaambiwa kwa ukweli kwamba hawana ugonjwa wa kununulia dawa.

Upande wa stoo hatuna mengi. Kadi ya kila dawa, kuhesabu kila Ijumaa, kinachokaribia kuisha muda kitoke kwanza. Dawa iliyoisha muda ni hasara mara mbili, maana huwezi kuitupa jalalani. Kuiteketeza kuna utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na gharama zake. Ofa ya jumla ya makopo kumi kwa bei ya nane haina maana kama kijijini kwako yanauzwa mawili kwa mwaka.

Bima ni habari ndefu zaidi. Machi 2024, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kubwa binafsi ziligoma kuhudumia wanachama wake na nchi nzima ikasikia. Zahanati ya Kibondo haiwezi kugoma ikasikika. Inachoweza ni kupeleka madai safi. Makato mengi yanayolalamikiwa huanzia mezani pake: saini ya mgonjwa imesahaulika, namba ya kadi imekosewa tarakimu, ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa. Muuguzi mmoja apewe kazi ya kukagua fomu za siku kabla hajaondoka, na alipwe kwa kazi hiyo. Hata madai yakiwa safi, hela ya bima si ya kesho. Ichukuliwe kama deni la miezi miwili na zaidi, na asiyeweza kuendesha zahanati muda huo bila hela hiyo asiingie mkataba akitegemea bima kuwa zaidi ya nusu ya mapato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikishika kasi vijijini, wenye kadi wataongezeka, na suala hili litakuwa la kila zahanati.

Kuhusu droo, dawa yake ni rahisi na inauma. Hela yote iingie kwanza, ya taslimu na ya simu, kupitia namba moja ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la zahanati na si la daktari. Mtu mwingine, si daktari na si mke wala mume wake, apokee na kutoa risiti. Na daktari ajilipe mshahara kama mtumishi. Tarehe 30, asaini vocha, achukue laki tano au kiasi chochote kilichopangwa, basi. Zahanati ikishindwa kumlipa mwenyewe kiasi hicho, heri alijue hilo mwezi wa pili kuliko mwaka wa nne akiwa na dalali wa benki mlangoni. Shangazi wa msiba atahudumiwa kutoka kwenye mshahara huo, kama anavyohudumiwa na mwalimu au askari.

Mwisho tuna neno na halmashauri. Timu ya afya ya wilaya inapokuja kukagua zahanati binafsi huangalia choo, kichomea taka, vyeti vya watumishi na rejista. Vizuri. Waongeze swali moja: tuonyeshe mapato na matumizi ya mwezi uliopita. Swali hilo lisiwe la kutoza faini. Liwe la kujua mapema nani anazama, maana nyingi kati ya zahanati hizi huchanja watoto na kutoa taarifa za magonjwa sawa na za umma, na ikifungwa moja wagonjwa wake wanahamia kwenye foleni ya serikali asubuhi inayofuata. Vibali navyo bado ni safari ya dirisha kwa dirisha: usajili wa kituo, maabara, dawa, zimamoto, TRA, halmashauri. Serikali imekuwa ikizungumza juu ya kupunguza tozo hizi tangu mpango wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018. Kasulu na Kibondo hazihitaji kusubiri Dodoma kwa kila jambo. Mkurugenzi anaweza kuita watu wa TRA, NHIF, TMDA na Baraza la Famasi ukumbini siku moja, wenye zahanati waje na madaftari yao, kila ofisi iseme inataka nini, lini na shilingi ngapi, na orodha hiyo ibandikwe ubaoni. Haihitaji mfadhili, wala semina ya posho.