Chungu cha Samaki wa Radi



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia vyungu vilivyo karibu nasi. Leo yafaa tusafiri mbali, hadi kaskazini ya Japani, katika mkoa wa Akita, tukatazame chungu kimoja cha samaki. Ladha yake utaelezwa, na namna ya kukipika pia. Lakini hasa nakuomba unifuate kwa sababu chungu hicho kiliwahi kukosa samaki wake miaka mitatu mizima, kwa hiari ya wale wale waliokuwa wakikijaza. Na kisa hicho chamhusu kila mwenye jiko na watoto.

Ukiwa Tokyo, utapanda treni ya mwendo wa kasi iitwayo Komachi, nayo itavuka milima na kukufikisha mjini Akita kwa muda wa saa nne hivi. Hapo utabadili, uingie treni ndogo iendeshwayo kwa betri, na baada ya saa moja utashuka Oga, mji ulio katika rasi yenye jina hilo hilo. Wageni wengi huja wakati wa joto ili waone majabali na mnara wa taa wa Nyudozaki, kwenye ncha ya rasi. Wewe mpenda chungu usiende wakati huo. Nenda mwanzoni mwa Desemba, wakati upepo wa baridi uvumapo kutoka baharini, theluji ianzapo kuanguka, na mawingu meusi yanguruma juu ya maji. Katika pwani ile radi ni jambo la kipupwe, na wavuvi huisikiliza kama mkulima asikilizavyo ngurumo za masika: ni dalili ya kwamba samaki aitwaye hatahata yu njiani.

Hatahata ni samaki mdogo, urefu wake kama shibiri moja, asiye na magamba. Jina lake huweza kuandikwa kwa herufi iliyoungwa kwa alama mbili, ya samaki na ya radi; wengine hutumia herufi ya samaki na mungu. Sehemu kubwa ya mwaka huishi kilindini, zaidi ya mita 200 kwenda chini, penye maji ya baridi. Maji ya ufukoni yakisha kupoa, hupanda kwa makundi makubwa ili kutaga mayai kwenye mwani. Kila jike hutaga donge moja la mayai, lenye kunata, likashika mwani barabara lisichukuliwe na mawimbi. Mayai hayo wenyeji huyaita buriko; huteleza kinywani na kupasuka kwa mlio katikati ya meno, na mgeni asiyeonywa hushtuka.

Chungu chenyewe huitwa shottsuru-nabe. Nabe ni chungu. Na shottsuru ni mchuzi wa kiungo upatikanao kwa kulaza hatahata katika chumvi mwaka mmoja au zaidi, mpaka nyama ikayeyuka, kisha maji yake yakachujwa. Harufu yake ni kali, nawe uliyezoea ng'onda hutaikimbia. Ikisha kuchemka pamoja na maji, ukali hupungua na utamu hubaki. Zamani wengi walipikia katika gamba kubwa la kombe la baharini lililotiwa juu ya makaa, na hata sasa nyumba nyingine za chakula humpa mgeni chungu chake hivyo.

Mapishi si magumu. Chemsha maji pamoja na kipande cha mwani mkavu, kisha utoe mwani. Tia shottsuru kijiko baada ya kijiko huku ukionja, kwani chumvi yake ni nyingi. Tangulia na vitu vigumu: uyoga, na mashina ya kabichi ya Kichina. Kisha tia samaki wazima waliosafishwa, majike wakiwa na mayai yao tumboni. Mwishoni ongeza vipande vya tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, na vitunguu vya majani. Usikoroge, maana nyama ya hatahata ni laini na huvunjika upesi. Chungu huwekwa katikati ya meza kikiwa bado chatokota, na jamaa wote huchota humo humo. Kwa watu wa Akita, mwaka mpya usio na hatahata mezani ni mwaka ulioingia nusu.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Kati ya 1963 na 1975, wavuvi wa Akita walivua zaidi ya tani 10,000 za hatahata kila mwaka, na mnamo 1968 walipita tani 20,000. Alikuwa samaki wa kila mtu. Nyumba zilimnunua kwa masanduku, zikala wabichi, na waliobaki wakatiwa chumvi au wakalazwa pamoja na wali ili wadumu kipupwe kizima. Ni nani angemhesabu samaki wa namna hiyo? Kuanzia 1976 samaki walipungua kwa kasi. Na mwaka 1991 mkoa mzima ulipata tani 70 hivi tu. Nyavu zilikuwa nyingi mno, na bahari nayo ilikuwa imebadilika. Chakula cha maskini kikawa kitu cha anasa.

Wataalamu wa uvuvi wa mkoa waliwapelekea wavuvi hesabu zao: mkiendelea, mtammaliza, mkiacha kabisa, huenda akarudi. Fikiri, msomaji, maneno hayo yana uzito gani kwa mtu mwenye chombo, mwenye deni, na mwenye watoto wanaosubiri ada ya shule. Tena mikoa jirani haikuwa imekatazwa kuvua, hivyo samaki atakayesalimika Akita angeweza kunaswa kwingine. Mikutano ilifanywa katika vyama vya ushirika vya wavuvi, na maneno hayakuwa mepesi. Hatimaye walikubaliana wenyewe, bila kushurutishwa na serikali kuu ya Tokyo: kuanzia Septemba 1992 hadi Agosti 1995, hakuna mtu wa Akita atakayevua hatahata.

Kwa nini miaka mitatu? Kwa kuwa jike wa hatahata huhitaji miaka miwili au mitatu kabla hajataga. Waliozaliwa mwanzoni mwa mapumziko wangerudi wakiwa mama kabla nyavu hazijatoswa tena. Mkulima aliye na njaa huijua hesabu hiyo, maana naye hulala na tumbo tupu huku mbegu imo ghalani.

Nyavu ziliporudi majini mwaka 1995, hazikurudi kwa fujo. Mkoa uliweka kikomo cha tani 170 kwa msimu ule wa kwanza, na tangu hapo ikawa desturi kupanga kiasi kila mwaka kabla ya kuanza kuvua. Mwaka 1999, Akita na mikoa jirani ya Aomori, Yamagata na Niigata ilipatana kwamba hatahata asiyefikia sentimita 15 asivuliwe. Samaki wakaongezeka mwaka hata mwaka, na kufikia 2004 walivuliwa takriban tani 3,000. Hazikuwa zile tani 20,000 za zamani, lakini bibi aliweza tena kumwonyesha mjukuu wake namna ya kuvuta mfupa wa hatahata ukatoka mzima.

Ningependa kukomea hapo, ndugu msomaji, lakini haitakuwa haki. Katika miaka ya karibuni samaki wamepungua tena, na katika msimu wa 2024 walivuliwa wachache hata kuliko 1991. Safari hii nyavu peke yake hazitoshi kulaumiwa. Maji ya Bahari ya Japani yamezidi kupata joto, na samaki huyu husubiri baridi ndipo apande ufukoni. Mvuvi aweza kukubaliana na mvuvi mwenziwe juu ya nyavu. Joto la bahari halina chama cha ushirika cha kwenda kuzungumza nacho. Latokana na moshi wa dunia nzima, pamoja na wale ambao hawajawahi kulisikia jina la hatahata.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, katika vijiji vya Oga, wanaume huvaa vinyago vya kutisha na mavazi ya majani makavu ya mpunga, wakaingia nyumba hata nyumba kwa kishindo. Hao ni Namahage, ambao mwaka 2018 desturi yao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu. Huuliza kama nyumbani humo mna mtoto mvivu au mtoto mlizi. Watoto hujificha nyuma ya baba zao. Na baba huwatetea, kisha huwakaribisha wageni kwa chakula na pombe ya mchele.

Basi ukijaliwa kufika Oga, kaa karibu na chungu, na usikasirike ukiambiwa kwamba leo hakuna hatahata au kwamba bei yake imepanda. Ukimpata, mle polepole, mayai yake usiyaache, na mchuzi uumalize. Kisha mwulize mpishi habari za miaka ile mitatu.